Njaa ya Yerusalemu, Njaa ya Mahenge: Unabii Uliokwisha Kutimia

Novemba inapoelekea ukingoni, mwaka wa Kanisa hufungwa na Majilio huanza, na Wakatoliki wa Namawala, kijiji cha bonde la Kilombero, husomewa Injili zinazotisha kuliko nyingine zote: hekalu kubomolewa, mataifa kupigana, njaa, tauni, jua kutiwa giza, nyota kuanguka. Padre hafiki kila kigango kila Jumapili, kwa hiyo mara nyingi anayesoma na kufafanua ni katekista. Waliokaa kwenye mabenchi wametoka kufyeka na kuchoma masalia ya mpunga. Moshi wa mashamba umetanda bondeni, na vichwani mwao kuna hesabu ya trekta, ya mbegu, na ya nani atalala kwenye dungu kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe.

Mafafanuzi hufuata njia iliyozoeleka: dalili hizo ndizo hizi tunazoziona leo, basi tujiandae. Nataka kutetea njia nyingine, ya zamani na ya Kikristo kabisa, isiyosikika sana katika bonde la Kilombero. Inasema kwamba sehemu kubwa ya maneno yale ilikwisha kutimia mwaka 70, jeshi la Warumi chini ya Tito lilipouzingira mji wa Yerusalemu na hekalu likateketea.

Hoja yake haihitaji usomi mwingi. Wanafunzi walimuuliza Yesu juu ya hekalu walilokuwa wakilitazama kwa macho yao, naye akawajibu wao. Akawaambia walioko Uyahudi wakimbilie milimani. Akawahurumia wenye mimba na wanaonyonyesha. Akasema watu wa kizazi kile wangeyaona hayo. Mwisho wa dunia haukimbiwi kwa kupanda mlima. Kinachokimbiwa hivyo ni jeshi. Na miaka kama 40 baadaye jeshi lilikuja. Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi aliyekuwa kambini kwa Warumi wakati wa mzingiro, ameandika jinsi watu walivyotafuna ngozi za mikanda na viatu, na jinsi mama mmoja alivyomla mwanawe. Eusebio, askofu wa Kaisaria katika karne ya 4, anasema Wakristo wa Yerusalemu walionywa mapema wakahamia Pella, ng'ambo ya Yordani. Kuhusu jua na nyota, hiyo ni lugha ya manabii. Isaya aliitumia alipoitabiria Babeli anguko, na Babeli ilianguka huku jua likiendelea kuchomoza kila asubuhi. Hata ile 666 ya Ufunuo, jina la Kaisari Nero likiandikwa kwa herufi za Kiebrania na thamani za herufi hizo zikajumlishwa, hesabu inatoka hiyohiyo. Msomaji wa karne ya kwanza hakuhitaji kuitafuta kwenye chanjo wala kwenye kitambulisho.

Mjesuiti wa Hispania, Luis de Alcázar, alikisoma karibu kitabu chote cha Ufunuo kwa namna hii, na kazi yake ikachapishwa mwaka 1614 baada ya kifo chake. Ni haki kusema kwamba wakati ule Waprotestanti walikuwa wakimwita Papa Mpinga Kristo, na unabii uliokwisha kutimia ulimtoa Papa kizimbani. Hoja haiharibiki kwa sababu ilimfaa aliyeitoa, lakini ni vizuri ijulikane ilikotokea. Mwaka 1878 mchungaji wa Uingereza, James Stuart Russell, alifika mbali zaidi: kwake, hata kurudi kwa Kristo kulitokea wakati uleule Yerusalemu ilipoanguka. Albert Schweitzer, ambaye baadaye alikwenda Lambaréné kuwa daktari, alichagua jibu chungu. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1906 alisema Yesu aliungojea mwisho wa dunia katika siku zake, na haukuja.

Mwaka huohuo wa 1906, watu wa Kilombero na Mahenge walikuwa na unabii wao uliowaacha na maswali yaleyale.

Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewaahidi watu kwamba dawa yake ya maji ingezifanya risasi za Mjerumani kuwa maji, na kwamba wazee waliotangulia hawakupotea, wangerudi. Watu walimiminika Ngarambe kutoka mbali, wengine kwa hamu ya kuwaona marehemu wao. Yeye aliwaambia wangoje amri. Wamatumbi hawakungoja, Julai 1905 waling'oa pamba Nandete, na vita ya Maji Maji ikaanza. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini unabii wake ulikuwa umeshatembea. Ulivuka mito ukafika huku juu, na tarehe 30 Agosti Wapogoro na Wambunga walilivamia boma la Mahenge wakiwa na imani ya maji mwilini. Bombomu ziliwafyeka. Wengi walikufa kabla hawajaufikia ukuta.

Kilichofuata kiliua wengi kuliko risasi. Jeshi la Kijerumani lilichoma vijiji, likachoma mashamba, likabeba au kuteketeza akiba ya chakula, likijua vizuri linachokifanya. Serikali ya kikoloni ilikadiria vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyezunguka akiwahoji wazee, alifikisha makadirio kwenye 250,000 hadi 300,000. Sehemu nyingine zilizokuwa na watu ziligeuka pori la wanyama. Kwa aliyekuwa Mahenge au kando ya Kilombero mwaka 1906, akichimba mizizi ya porini kuwalisha wanawe, dunia ilikuwa imekwisha. Hakuwa na sababu ya kuungoja mwisho mwingine.

Warithi wa vita ile walifanya nini na unabii wake? Wajerumani na wamisionari wengi walisema tu kwamba mtu yule alikuwa mwongo. Wazalendo walikataa jibu hilo. Nyerere, alipozungumza Umoja wa Mataifa mwaka 1956, aliieleza Maji Maji kuwa ni kukataa kwa watu wote kutawaliwa, si upuuzi wa dawa. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake ya Kinjeketile ya mwaka 1969, anamwonyesha nabii akiwa mateka na akikataa kukana maji, kwa sababu akiyakana, Mjerumani atawafundisha watoto kwamba kupigania uhuru kulikuwa kosa. Kwa usomaji huo, unabii ulitimia siku ya uhuru, tarehe 9 Desemba 1961.

Nauheshimu usomaji huo, nami nimekua nao. Lakini ukiuweka kando ya ule wa mwaka 70, tofauti inaonekana. Anayesoma Injili kwa macho ya mwaka 70 anasema: neno lilitolewa kwa watu fulani, likawapata watu haohao. Msomaji wa kizalendo analihamisha neno kutoka kwa babu hadi kwa wajukuu, na katika kuhamisha huko risasi zinasahauliwa. Zile risasi hazikugeuka maji, na waliozipokea kifuani wana haki ya kutajwa hivyo. Tena kuna jambo ninaloliona zito kuliko kutimia kwenyewe, nalo ni kile ambacho unabii uliwaagiza wasikilizaji wakifanye. Waliomwamini Yesu juu ya Yerusalemu walitoka mjini wakiwa hai. Walioyaamini maji walikimbilia mdomo wa bombomu. Kinjikitile aliwaunganisha watu ambao hakuna mtemi aliyewahi kuwaunganisha, na hilo ni kubwa; bado neno lake liliwafanya waache kuihofia risasi.

Waislamu wa Ifakara nao wana mjadala huuhuu, na ni wa zamani mno. Sura ya 44 ya Kurani inataja siku ambayo mbingu italeta moshi ulio dhahiri, utakaowafunika watu. Imamu Bukhari amepokea kwamba mtu mmoja alikuwa akihubiri kuwa moshi huo utakuja Siku ya Kiyama, uwapofushe wanafiki na kuwaziba masikio. Habari zikamfikia Abdullah bin Mas'ud, sahaba wa Mtume, akiwa ameegemea. Akakasirika, akaketi wima. Akasema anayejua na aseme, na asiyejua aseme Mungu ndiye ajuaye zaidi. Kisha akaeleza kwamba moshi ulikwisha kupita: Makureshi walipoukataa ujumbe walipatwa na njaa hata wakala mizoga na mifupa, na mtu akitazama juu aliona kama moshi kati yake na mbingu kwa ukali wa njaa. Kwake yeye, moshi ulikuwa miongoni mwa dalili tano zilizokwisha, pamoja na kupasuka kwa mwezi na ushindi wa Warumi. Wafasiri wengine, Ibn Kathir akiwemo, waliona moshi bado uko mbele, na mjadala haujafungwa. Kinachonigusa ni hasira ya yule mzee. Alikuwapo. Aliwajua waliolala njaa, na hakukubali mateso yao yafanywe hadithi ya kuwatishia watu wa baadaye.

Vitisho vya namna hiyo viliwahi kusambaa katika nchi hii. Mwaka 1908 barua iliyodaiwa kutoka Arabuni, ikisimulia ndoto na kuonya kwamba mwisho umekaribia, ilinakiliwa na kupitishwa mkono kwa mkono Lindi na kwingineko, hata Wajerumani wakaogopa Maji Maji nyingine. Barua za ndoto ya aina hiyo bado hupita, sasa kwenye simu.

Waadventista Wasabato, waliofika Upare mwaka 1903, wamesimama katikati. Nao husema dalili zimekwisha kutimia, lakini hatua kwa hatua katika historia: tetemeko la Lisbon mwaka 1755, giza la mchana huko New England mwaka 1780, mvua ya vimondo huko Marekani mwaka 1833. Nawaheshimu kwa kuichukulia historia kwa uzito. Ila sioni kwa nini mkulima wa Namawala aambiwe kwamba jua lake lilitiwa giza katika mawingu ya New England, ilhali babu zake wenyewe walipitia mwaka 1905.

Na hizo tauni je? Watafiti waliofanya kazi Namawala mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikadiria kwamba mtu mmoja wa hapa aling'atwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Kama maradhi peke yake yangekuwa tarumbeta ya mwisho, kijiji hiki kingekuwa kimeisikia kila usiku. Kina mama hawakukaa kuihesabu kama mhuri wa Ufunuo. Walitundika vyandarua, wakatia dawa, na watoto waliokuwa wakizikwa walianza kukua. Aliyefundishwa kwamba tauni ni ratiba ya Mungu atasita kutundika chandarua. Anayeamini kwamba ratiba ile ilikuwa ya mwaka 70 anabaki na mikono huru.

Kwa sababu hii naona tofauti za usomaji si mchezo wa wanateolojia. Huko Kanungu, Uganda, viongozi wa kundi la Amri Kumi walitangaza mwisho ungekuja na kufungwa kwa mwaka 1999. Haukuja, na tarehe 17 Machi 2000 mamia ya waumini waliteketea ndani ya jengo lao la ibada. Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wanaodaiwa kuambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu kabla ya mwisho. Yerusalemu ilizingirwa, na Mahenge ilichomewa chakula na adui. Shakahola walikuwa na chakula, wakajinyima wao na wanao ili tarehe ya mtu itimie. Laiti mtu mmoja waliyemwamini angewaambia: dhiki ile ilikuwa ya watu wa Yerusalemu, imepita, mpe mtoto uji.

Baada ya kusema hayo yote, siwezi kumfuata Russell hadi mwisho, sembuse wale waliomzidi wakasema hata ufufuko umekwisha kupita, hakuna kilichobaki. Paulo, katika waraka wa pili kwa Timotheo, anawataja Himenayo na Fileto waliofundisha hivyo, na anawalaumu kwa kuipindua imani ya watu. Nadhani aliona walichokuwa wakiwanyang'anya wafiwa. Maswali ya waliokwenda Ngarambe hayakuwa ya risasi peke yake. Waliuliza habari za baba na mama zao. Swali hilo halikujibiwa na mwaka 70, wala na 1961, na Ibn Mas'ud mwenyewe, pamoja na dalili zake tano zilizopita, hakuiweka Siku ya Kufufuliwa miongoni mwazo. Njaa ya 1906 ilipita. Waliokufa katika njaa ile bado wanadaiwa jibu, na mafundisho yoyote yanayoufunga unabii wote mwaka 70 yanalifuta deni lisilo lao kulifuta.