Onyo
Neno onyo, ambalo jumuiya ndogondogo za Kikristo mkoani Katavi, yaani vikundi vya familia jirani zinazosali pamoja, hulitumia kuanzia Mpanda mjini hadi Karema, linatokana na kitenzi kuonya, kauli ya kutendesha ya kuona, hivyo kumwonya mtu ni kumfanya aone kosa lake. Waraka kwa Waefeso, sura ya 6, unawaagiza watoto utii, lakini mstari wa 4 (ambao wazazi wengi huuruka) unawakataza akina baba kuwachokoza, na Mathayo 18:15 inataka mkosaji aonywe kwanza faraghani. Kiboko kinachotangulia maneno, tena mbele ya majirani, hakistahili kuitwa onyo.