Runinga Haikuua Sinema: Jumba la Royal na Swali la Majimoto

Dai kwamba runinga ndiyo iliyoua majumba ya sinema Tanzania limekaririwa mno, hata hakuna tena anayelidai ushahidi. Tarehe zenyewe zinalikana. Zanzibar ilikuwa na runinga, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na sinema zake ziliendelea. Bara ilisubiri hadi 1994, ITV ilipoanza, na wakati huo kumbi nyingi zilikwisha kuwa hoi.

Maandishi kuhusu filamu katika ukanda huu hupenda kuanzia Vugiri, Usambara, ambako kati ya 1935 na 1937 wakoloni walijaribu filamu za kuwafunza Waafrika usafi na kilimo. Mwanzo huo unapotosha. Laura Fair, katika Reel Pleasures (2018), ameonyesha kuwa watu wa mijini walishazoea kulipa kiingilio katika kumbi za wafanyabiashara wa papa hapa. Makala hii inamuunga mkono, kisha inamsogeza mbele: uhai wa ukumbi ulimtegemea mwenye ukumbi kuliko kitu kingine chochote.

Ushahidi ni Royal ya Vuga, Unguja. Hassanali Jariwalla aliijenga mwaka 1921 kwa michoro ya J.H. Sinclair, yuleyule aliyechora jumba la makumbusho la Beit el Amani. Iliungua mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1955 ikasimama upya kwa jina la Majestic, safari hii kwa mchoro wa Dayalji Pitamber Sachania. Hakuna anayejenga mara ya pili biashara isiyolipa. Na ililipa: filamu za Kihindi kama Awara ya Raj Kapoor zilipoingia mjini, walanguzi wa tiketi walikula vizuri, na wanawake walitengewa maonyesho yao. Nakala moja ya filamu iliweza kugawanwa na kumbi mbili jioni moja. Mkanda wa kwanza ukiisha huku, kijana anaukimbiza kule kwa baiskeli, na watazamaji wa kule wanamwombea pancha isimpate.

Kisha dola ikaingia. Zanzibar ilitaifisha kumbi baada ya Mapinduzi ya 1964. Bara, Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa 1968 na kuhodhi uagizaji. Sheria ya 1971 ikatwaa majengo ya zaidi ya shilingi 100,000, na wenye sinema wakageuka wapangaji wa Msajili wa Majumba. Mpangaji hakarabati paa la mwenzake. Kweli, kanda za video za miaka ya 1980 ziliumiza. Lakini zilikuta mgonjwa tayari.

Somo hilo linatufikisha Majimoto, mji wa chemchemi za moto na mpunga huko Mpimbwe, Katavi, usio na Royal yake. Miji ya namna hiyo ilipata vibanda umiza: mabenchi, runinga moja, na sauti ya msimulizi Lufufu ikieleza filamu ya kigeni kwa Kiswahili. Mwenye kibanda hupanga bei, filamu na saa, kama Jariwalla. Anayetaka ukumbi wa kudumu Majimoto aanze kuzungumza na huyo kabla ya kuzungumza na halmashauri.