Nasari ya Umma, Umma Upi?

Tukisema "nasari ya serikali" hapa Kenya tunadanganyana kidogo. Kwa karibu miaka 50 baada ya uhuru, nasari nyingi zilizokuwa ndani ya ua wa shule za msingi za serikali hazikuwa za serikali. Darasa lilijengwa na wazazi, mwalimu alilipwa na wazazi, chaki ikiisha wazazi walinunua nyingine. Naanzia hapo kwa sababu ubishi wa umma ama binafsi, ambao sasa umefika hadi kwetu Bangale, huchukulia kwamba hiyo milango miwili imekuwepo tangu zamani. Wapi.

Nasari za mkoloni zilianza miaka ya 1940, kwa watoto wa Wazungu na Wahindi. Mwafrika alizipata baadaye, kwenye mashamba makubwa ya kahawa na majani chai, na kwenye vijiji vya Dharura huko Kati baada ya 1952. Elimu haikuwa sababu kubwa. Mama alikuwa shambani au kwenye kazi ya kulazimishwa, na mtoto alihitaji mtu wa kumwangalia. Dharura hiyohiyo ndiyo iliyoleta wafungwa Hola, kwenye hii kaunti yetu, ambako 11 walipigwa hadi kufa Machi 3, 1959. Kambi tuliletewa mapema. Nasari zilichukua muda.

Uhuru ulikuja na Harambee. Akina mama walichanga, wakasimamisha banda, wakatafuta msichana aliyemaliza darasa la saba awafundishe watoto kuimba na kuhesabu. Zikazuka nasari maelfu. Mwaka 1971 shirika la Bernard van Leer la Uholanzi lilianza mradi na wizara ya kuwafunza walimu wa chekechea. 1980 nasari zikawekwa chini ya Wizara ya Elimu, na 1984 kikaundwa kituo cha kitaifa, NACECE, halafu vituo vya wilaya. Mambo mazuri, sibishi. Lakini angalia kilichochukuliwa na kilichoachwa: serikali ilichukua mtaala na mafunzo, mshahara ikawaachia wazazi.

Sasa fikiria mpango huo huku kwetu. Harambee inataka watu wanaokaa mahali pamoja na wenye pesa mwisho wa mwezi. Bangale, ukitoka Ukasi ukielekea Madogo na daraja la Garissa, ni mji wa wafugaji. Mali ya mtu iko malishoni. Kiangazi kikikaza, mifugo inasogezwa kuelekea mto, na familia inafuata. Nasari inayolipwa na wazazi inakufa siku wazazi wakihama. Duksi haifi. Mwalimu wa Kurani anaweza kwenda na watu, watoto na mbao zao za kuandikia, na malipo yake yakawa mbuzi. Kila nikisoma ripoti inayosema wafugaji hawajali elimu ya watoto wadogo, najiuliza kama mwandishi aliwahi kuhesabu duksi.

Halafu ikaja 2003. Serikali ya Kibaki ilifuta karo ya shule za msingi, na watoto zaidi ya milioni moja wakaingia darasani. Nasari haikuwemo. Mzazi akapiga hesabu yake: kwa nini nilipie nasari na darasa la kwanza ni bure? Wengi wakaruka moja kwa moja, na mwalimu aliyekula kwa karo ya wazazi akabaki bila kitu. Upande wa pili, wenye uwezo wakakimbia madarasa yaliyofurika, wakaenda akademi. Mimi naona mgawanyiko tunaoujua leo ulikomaa hapo, na uliletwa na sera nzuri iliyoanza mwaka mmoja ama miwili mbele ya mtoto.

Kuna njia ya tatu iliyojaribiwa Pwani, na naiona bora kuliko zote. Mwaka 1986 mjini Mombasa, wazazi Waislamu wakilalamika kwamba watoto wao wanaachwa nyuma wakifika darasa la kwanza, Bi Swafiya Said na Wakfu wa Aga Khan walianza nasari zilizounganisha Kurani na michezo, hesabu na lugha. Shule ilikuwa mali ya jamii yenyewe. Mpango ukafika Zanzibar 1990 na Uganda 1993, jamii zaidi ya 200 kwa jumla. Lakini hata huo ulihitaji kijiji kinachokaa.

Katiba ya 2010 iliwapa kaunti elimu ya chekechea, na kaunti zilipoanza kazi 2013, walimu wengi wa nasari walipata mwajiri wa serikali kwa mara ya kwanza. Yaani "nasari ya umma" ni mdogo kuliko mimi. Ndiyo maana dada yangu aliponipigia kuuliza ampeleke binti yake wa miaka minne wapi, sikuwa na jibu la haraka. (Mimi ndiye msomi wa familia. Kwamba niliacha chuo kikuu mwaka wa pili, nyumbani hawaihesabu.)

Yeye alitaka akademi kwa sababu ya Kiingereza. Mtoto anaongea Kiorma tu. Nikamwambia Tume ya Gachathi ilipendekeza tangu 1976 kwamba miaka ya mwanzo mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Akanijibu: "Gachathi hatakuwa kwenye interview ya mtoto wangu." Hapo alinimaliza.

Basi tukaacha kuuliza shule ni ya nani, tukauliza mwalimu analipwa na nani, na asipolipwa nini hufanyika. Kwenye akademi aliambiwa waziwazi: karo ikichelewa, mwalimu anaenda zake. Kwenye ya kaunti mwalimu ni wa kandarasi, mshahara huchelewa miezi, lakini ni mama wa hapohapo, anajua Kiorma, na hajaenda popote. Darasa lake limejaa kupita kiasi. Hilo dada hakulipenda, na hata leo halipendi.

Binti alianza PP1 ya kaunti. Asubuhi shule, jioni duksi. Kiangazi kikija na mbuzi wakisogezwa mtoni, nyanya yake atabaki naye mjini. Nyanya amekubali, ila kwa sharti: mbuzi wawili wa maziwa wabaki naye, na pesa za majani wanunuliwe na dada, si yeye.