Jarida lililobeba jina la muuza vyungu

Tarehe 8 Machi 1988, Siku ya Wanawake Duniani, toleo la kwanza la Sauti ya Siti lilitoka Dar es Salaam. Waliolitoa ni wanahabari wanawake wasiofika hata ishirini. Chama chao, TAMWA, kilikuwa kimesajiliwa Novemba ya mwaka uliotangulia, mwenyekiti akiwa Fatma Alloo.

Siti anayetajwa ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, aliyetembeza vyungu mjini kabla sauti yake haijamfikisha Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Aliyesoma wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert anazijua habari hizo. Kinachosahauliwa ni kwamba kwa watu wa Ng'ambo, upande wa mji wa Unguja alikoishi, nyimbo zake zilikuwa pia gazeti. Alipoimba kisa cha Kijiti, aliimba habari ya mwanamke mgeni kutoka Bara aliyeuawa, muuaji, Kijiti mwenyewe, akatoroka, na adhabu ikawaangukia wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi. Wasikilizaji walimjua anayesemwa. Hukumu ambayo mahakama ilishindwa kuitoa waliitoa wao barazani.

Wenye jarida wangeweza kuchukua jina la malkia au la mwalimu mkuu wa kwanza mwanamke. Wakachukua la mtu asiyewahi kukaa darasa lolote la shule ya serikali. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wao wa maana kuliko yote ya mwanzo, maana ulieleza tangu ukurasa wa kwanza kwamba kusoma na kuandika, kwao, kusingekuwa nishani ya wachache waliofika Chuo Kikuu, Mlimani.

Jaribio la aina hiyo lilikuwapo kabla. Mwaka 1979 kikundi cha wanahabari wanawake kiliandaa vipindi vya redio kuhusu mimba za wanafunzi, enzi ambazo msichana alifukuzwa shule na aliyempa mimba akaendelea na shughuli zake. Kikundi kikafifia kwa kukosa fedha na kukosa wa kukiunga mkono. Vyombo vikubwa vyote vilikuwa vya serikali au vya chama: Radio Tanzania, Daily News, Uhuru, Mzalendo. Ndani yake mwanamke alitengewa kona yake ya mapishi na malezi. Nje ya kona hiyo alionekana katika habari za mahakamani, kapigwa au kauawa, na chanzo kikaandikwa kwa maneno matatu yaliyofunga mjadala: wivu wa mapenzi.

Lakini jarida linahitaji msomaji, na habari ya msomaji huyo haisimuliwi inavyostahili. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya redio nchi nzima: wanakaa chini ya mwembe, wanasikiliza kipindi, anayejua kusoma anawasomea wenzake kijitabu, kisha wanajadiliana na kuamua la kufanya, kuchimba choo au kufyeka majani. Kufikia mwaka 1986 serikali ilitangaza kwamba watu wazima tisa katika kila kumi walijua kusoma na kuandika. Hata ukiipunguza takwimu hiyo kwa shaka ya kawaida, ni wazi kwamba palikuwa na mamilioni ya wanawake walioingia madarasa ya jioni wakiwa na watoto mgongoni wakatoka wakijua herufi.

Wakasome nini sasa? Mpango wenyewe uliitwa kisomo chenye manufaa, na manufaa yalikuwa pamba, mbolea na maji ya kuchemsha. Mambo mema hayo. Ila Sheria ya Ndoa ilikuwa imepitishwa mwaka 1971, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango wa mke katika mali ya ndoa. Mwanamke aliyefundishwa kusoma maelekezo ya kupanda kwa mistari alikuwa na haki ya kusoma hukumu hiyo kwa Kiswahili chepesi. Pengo hilo ndilo lililongojea watu kama wa Sauti ya Siti.

Jukwaani, Penina Muhando alikwisha kulichokonoa suala la umoja wa wanawake. Tamthilia yake Nguzo Mama, iliyochapishwa mwaka 1982, inawaonyesha wanawake wa kijiji wakijaribu kuisimamisha nguzo isiyosimama, kila mmoja akivutwa na shida yake na waume wakiwa wa kwanza kukwamisha. Waliotaka kusifiwa hawakuipenda sana. Mimi naiona kuwa tahadhari iliyotolewa mapema: wanawake hawawi kundi kwa sababu tu ni wanawake.

Tahadhari hiyo ilipata mtihani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na hapa inabidi tutue kidogo. Kwa miaka mingi palikuwa na kitu kilichoitwa Punch. Karatasi zenye maandishi na michoro zilibandikwa ukutani usiku, mwandishi hajulikani, na asubuhi wanafunzi walisimama kuzisoma. Ilianza kwa kuwakejeli wakubwa wa chuo, na kwa hilo ilikuwa na wapenzi wengi. Baadaye shabaha ikawa wanafunzi wa kike: aliyemkataa fulani, aliyejibu darasani kwa kujiamini, aliyevaa hivi au vile. Aliyebandikwa alitengwa, hata rafiki zake waliogopa kuonekana naye wasije wakafuatia. Mwezi Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike, baada ya kunyanyaswa na kutishwa kwa muda, alijiua.

Nimesikia watu wakiieleza Punch kama utani wa wasomi uliovuka mpaka. Sikubaliani nao. Punch ilikuwa jumuiya kamili ya kusoma na kuandika, yenye waandishi, wasomaji, ratiba na kanuni zake, na kilichoiunganisha ni hofu ya mwanamke kusomwa hadharani bila nafasi ya kujibu. Ndiyo maana kilio cha TAMWA na wanaharakati wengine hakikuwa cha msiba mmoja tu. Walikuwa wanagombea nani ana haki ya kumwandika mwanamke, na kama anayemwandika anapaswa kuweka jina lake chini.

Mbinu yao ilikuwa ya kihabari hasa. Suala moja, mathalani ubakaji wa watoto, liliandikwa na kutangazwa kwa siku zilezile katika kila chombo ambamo walikuwa na mwenzao, hadi mbunge asiweze kufungua gazeti wala redio bila kukutana nalo. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana: kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mbakaji, na kifungo cha maisha kwa anayembaka mtoto wa chini ya miaka 10. Sheria hiyo ina wakosoaji wake, na wana hoja. Lakini msukumo wake ulitoka kwa watu waliokuwa na kalamu na waliojua kupanga zamu.

Mwaka 1993 ukazaliwa Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP, na pale Mabibo zikazoeleka Semina za Jinsia na Maendeleo za kila Jumatano alasiri. Mada inawasilishwa, kisha mama lishe na mhadhiri wanabishana juu ya bajeti ya taifa. Tamasha la Jinsia lilianza mwaka 1996. Mwaka huohuo, Kampala, mhadhiri wa fasihi wa Makerere, Mary Karooro Okurut, na wenzake walizindua FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda, ambacho siku yake ni Jumatatu: unaleta mswada wako, unausoma, wenzako wanauchambua bila kukuonea haya. Ni katika chuo hichohicho ambako kongamano maarufu la waandishi wa Afrika la mwaka 1962 liliwakusanya wanaume kwa wingi na wanawake wa kuhesabu. Kutoka katika mikutano ya Jumatatu walitokea watu kama Goretti Kyomuhendo, na Monica Arac de Nyeko aliyetwaa Tuzo ya Caine mwaka 2007.

Kampala walitupita kwa jambo moja: walichapisha hadithi na mashairi ya wanachama wao kitabu baada ya kitabu. Huku kwetu uzito uliegemea semina, ripoti na kampeni, tena nyingi kwa fedha za wafadhili, na ripoti ya mfadhili husomwa na mfadhili. Waliojaribu kuziba pengo hilo ni wachapishaji Elieshi Lema na Demere Kitunga, waliounda E & D, na baadaye Soma, ambayo mgahawa wake wa vitabu Mikocheni umewapa vijana mahali pa kusoma kwa sauti na kukosoana. Lema mwenyewe alitoa riwaya, Parched Earth, mwaka 2001, kwa Kiingereza. Inasikitisha kidogo: binti wa kijijini anayesimuliwa mle hana hakika ya kuisoma habari yake.

Historia hii ina adui mmoja wa kawaida sana, nao ni usafi wa nyumba. Majarida ya miaka ya themanini hufungiwa maandazi, huwashiwa moto, huliwa na mchwa juu ya kabati. Kama bibi, mama au shangazi yako alikuwa mwalimu wa kisomo, mwanachama wa kikundi cha redio au msomaji wa Sauti ya Siti, muulize alisoma nini na alisoma na nani, uyaandike majibu yake. Na ukikuta nakala, hata iliyochanika jalada, usiitupe. Ipeleke maktaba ya karibu nawe, uombe waiandikishe.