Ngumi Isiyo na Mwenyewe

Mjomba wangu alikuwa na mkanda mmoja wa video ambao hakuwa akimwazima mtu. Juu yake pameandikwa kwa kalamu ya wino "Shaolini 36", basi, hakuna zaidi. Tulipokuwa wadogo tuliuangalia mpaka tukajua ni wapi picha itaruka na ni wapi chenga zitajaa. Wachina walisemeshwa Kiingereza, na juu ya Kiingereza hicho kulikuwa na sauti ya bwana mmoja akitutafsiria kwa Kiswahili, anacheka, anaonya, anamkemea jambazi kama vile yuko naye chumbani.

Kitu kimoja tu kilitutatiza. Mara kwa mara tuliona kichwa cha stering kikirudi nyuma, paa! lakini aliyempiga hatumwoni. Ngumi inatokea hewani. Sisi tukaamini hiyo ndiyo kung-fu yenyewe, kwamba Mchina aliyeiva anaweza kukutandika bila kuonekana.

Miaka ikapita, nikaja kuiona filamu ileile kwenye diski. Lo! Kumbe mpigaji alikuwepo siku zote. Alikuwa pembeni kulia, amekunja goti, mkono umenyooka. Mkanda wetu ndio uliomkata.

Mpenzi msomaji, nimekaa chini kuandika habari za mkato huo. Ukiufuatilia utajua jinsi sinema za kung-fu zilivyotoka Hong Kong zikaingia sebuleni kwa watu, na nini kilipotea njiani.

Tuanzie kiwandani. Mwaka 1961 Run Run Shaw alifungua mji wake wa sinema, Movietown, huko Clearwater Bay, Hong Kong, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Mwingereza. Kilikuwa kiwanda hasa. Mitaa ya kale ya kuigizia ilikuwa humo, karakana za mavazi humo, na mabweni walimolala waigizaji na mafundi humohumo. Filamu zilitoka kama mikate. Mwaka 1967 mwongozaji Chang Cheh akatoa The One-Armed Swordsman, kisa cha kijana aliyekatwa mkono wa kulia akajifunza upanga upya kwa mkono uliobaki. Filamu hiyo ikaingiza zaidi ya dola milioni moja za Hong Kong katika majumba ya huko huko.

Mwaka 1970 Raymond Chow, aliyekuwa mtu wa ndani kabisa kwa Shaw, akajitoa na kuanzisha kampuni ya Golden Harvest. Huko ndiko alikoibukia Bruce Lee mwaka 1971 na filamu ya The Big Boss. Hakukaa sana. Alifariki Julai 20, 1973, akiwa na umri wa miaka 32, na Enter the Dragon ikatoka Marekani mwezi uliofuata, mwenyewe yuko kaburini.

Sasa turudi kwenye ngumi yetu. Filamu za Shaw zilipigwa kwa picha pana waliyoiita Shawscope. Upana wake ni zaidi ya mara mbili ya kimo, yaani 2.35 kwa 1. Waongozaji waliitumia nafasi hiyo yote. Mwalimu anasimama kushoto kabisa, adui kulia kabisa, na katikati uwanja mtupu unaokufanya ushike roho. Lakini TV za zamani zilikuwa karibu mraba, 4 kwa 3. Utaiingizaje shuka pana kwenye kasha dogo? Njia ni mbili. Ama unaiacha picha nzima, ipungue kimo, na juu na chini pabaki weusi, ama unaikata pembeni ijae kioo. Wengi waliotengeneza kanda waliamua kukata. Piga hesabu mwenyewe, utaona kwamba zaidi ya asilimia 40 ya picha ilitupwa. Fundi wa kunakili ndiye aliyechagua upande gani uonekane, na akikosea, unabaki unatazama uwanja mtupu huku watu wanauana pembeni.

Halafu kuna jambo linalouma. Pembeni mwa picha walikaa akina nani? Walikaa vijana wa kupigwa, wa kurushwa dirishani, wasiotajwa jina. Mmoja wao aliitwa Jackie Chan. Alilelewa katika shule ya opera ya mwalimu Yu Jim-yuen, pamoja na Sammo Hung na Yuen Biao, wakifanya mazoezi tangu alfajiri na kuchapwa viboko. Katika Fist of Fury ya mwaka 1972 na Enter the Dragon ya mwaka 1973 alikuwa ni mtu wa kupigwa na Bruce Lee, basi. Mwaka 1978 mwongozaji Yuen Woo-ping akamweka katikati ya picha katika Snake in the Eagle's Shadow na Drunken Master, na dunia ikamjua. Tumkumbuke huyo kila tunapoambiwa kwamba cha pembeni hakina maana.

Deki nayo ilikuja wakati huohuo. Sony walitoa Betamax mwaka 1975, na JVC wakatoa VHS mwaka 1976. Kabla ya hapo, filamu ilikuwa kitu cha kukifuata kwenye jumba la sinema, ukakata tiketi, ukakaa, ikipita imepita. Deki ilikupa uwezo wa kuisimamisha na kuirudisha nyuma. Kwa kijana anayetaka kujua teke lile limerushwaje, hiyo ilikuwa shule. Tanzania Bara, vituo vya televisheni vilianza kurusha matangazo mwaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo aliyenunua TV huku Bara kabla ya hapo, kama hakuwa akinasa matangazo ya jirani, aliinunua kwa ajili ya deki. Na penye deki moja mtaani, watoto wote wa mtaa walikuwa wa nyumba hiyo.

Filamu iliyokuwa kwenye mkanda wa mjomba ni The 36th Chamber of Shaolin, ya mwaka 1978. Aliyeiongoza ni Lau Kar-leung, na ukitaka kujua kwa nini mapigano yake hayafanani na ya wengine, tazama ukoo wake wa ufundi. Alifundishwa na baba yake, baba yake alifundishwa na Lam Sai-wing, na Lam Sai-wing alikuwa mwanafunzi wa Wong Fei-hung, yule bingwa wa Kanton ambaye filamu zake hazihesabiki. Stering ni Gordon Liu, anaigiza kijana anayekimbia dhuluma ya watawala wa Kimanchu na kuingia hekalu la Shaolini. Humo kuna vyumba 35 vya mafunzo. Kimoja anabeba maji kwa mikono iliyonyooshwa, na visu vimefungwa mikononi: akiishusha mikono, anajichoma mbavu mwenyewe. Anavimaliza vyote. Wazee wa hekalu wanamwambia achague chumba akisimamie, naye anaomba kitu ambacho hakijawahi kuombwa: chumba cha 36, cha kuwafundisha watu wa kawaida walio nje ya hekalu.

Mimi nasema deki ndiyo ilikuwa chumba hicho cha 36. Ilitoa ufundi ndani ya ukuta ikaupeleka kwa yeyote mwenye umeme, au mwenye jirani mwenye umeme.

Lakini ilivyoupeleka ndivyo hivyo tena, umekatwa. Kampuni ya Shaw iliacha kutengeneza filamu kwa wingi katikati ya miaka ya 1980, ikaelekeza nguvu kwenye televisheni, na hazina yake kubwa ikafungiwa stoo. Kilichozunguka duniani kwa miaka mingi, sehemu kubwa, ni nakala za wizi, nakala ya nakala ya nakala. Kila ikinakiliwa rangi inafifia. Majina ya mwanzo yanakatwa. Huko Marekani filamu hiihii iliitwa Master Killer. Vijana wa New York walioitazama walikua wakawa kundi la Wu-Tang Clan, na mwaka 1993 wakatoa albamu iliyobeba jina la vile vyumba 36, ikiwa na vipande vya sauti kutoka filamu za aina hiyo. Mtoto wa Staten Island na mtoto wa Dar es Salaam walikuwa wanafunzi wa mwalimu mmoja, na huenda wote wawili hawakuwahi kusikia jina la Lau Kar-leung.

Hapo pana watu watakaosema, na hao watafsiri wetu je? Si ndio walioharibu zaidi kwa kupiga kelele juu ya filamu? Hoja hii nimeisikia mara nyingi kwa wasomi, na siikubali. Kwa miaka mingi filamu za Hong Kong zilipigwa bila sauti, maneno yakaja kuingizwa baadaye studioni. Bruce Lee katika The Big Boss anaongea Kimandarini kwa sauti ya mtu mwingine, kwa sababu yeye alikuwa mtu wa Kikantoni. Kiingereza kile cha ajabuajabu nacho kilisemwa na wageni wachache walioishi Hong Kong, waliojifungia studio wakawa mara mzee, mara mtoto, mara jambazi. Muziki nao waliokota walikopenda. Katika The Way of the Dragon ya mwaka 1972 unasikia kipande cha Mwitaliano Ennio Morricone. Sasa niambie, sauti ya asili ni ipi hapo?

Bara la Asia lenyewe linaijua kazi hii. Wakati wa filamu za kimya, Japani walikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, waliosimama kando ya pazia wakiisemea filamu nzima, na watu walikata tiketi kwa kumfuata benshi fulani. Heigo, kaka yake mwongozaji Akira Kurosawa, alikuwa mmoja wao. Filamu zenye sauti zilipokuja, kazi yao ikafa. Dar es Salaam alipokuja Lufufu akazitafsiri filamu za nje kwa Kiswahili, Kenya akaja DJ Afro, na Uganda wakaja wale wanaojiita VJ kwa Kiganda, ilikuwa ni kazi ileile ikizaliwa upya. Hawakuwa makasuku. Walimpa stering jina la mtaani, wakaeleza kwa nini yule mzee mwenye nyusi nyeupe ana roho mbaya, wakajaza na kile ambacho mkanda ulikuwa umekikata. Ngumi inapotokea hewani, mtafsiri ndiye aliyekwambia nani kapiga.

Mwaka 2000 kampuni ya Celestial Pictures ilinunua hazina ya Shaw, filamu zaidi ya 700. Wakazisafisha, na kuanzia mwishoni mwa mwaka 2002 zikaanza kutoka kwenye DVD, picha pana, rangi zake, majina yote. Aliyekatwa pembeni akarudi. Nilipoona kwa mara ya kwanza jina la Lau Kar-leung likijaa kwenye kioo, niliona aibu kidogo. Nilikuwa nimeishi na kazi ya mtu utoto wangu wote bila kumjua. Sisi tunaojifunza kuandika tunajua uchungu wake. Hebu fikiria hadithi yako inasomwa kila mtaa, wameng'oa jalada na kurasa za pembeni, na jina lako halimo.

Kwa hiyo siwasifu wezi. Lakini siwezi kukana kwamba bila nakala zao nisingekuwa na cha kutafuta. Aliyefungia stoo alihifadhi picha, aliyeiba akahifadhi mapenzi ya watu kwa picha hizo. Historia ya sinema hii inahitaji kuwataja wote wawili, kila mmoja na kosa lake.

Kimebaki kitu kimoja ambacho DVD haikurudisha, nacho ni yule bwana wa Kiswahili. Kwenye diski hayumo. Yumo kwenye mkanda wa mjomba tu, na mwanzo wa mkanda, mahali ambapo labda alijitaja, mtu alirekodia dakika chache za harusi. Mkanda wenyewe unakufa. Joto na unyevu hula utando wake, ukungu unaingia, na mwaka 2016 kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha. Deki ya mjomba ilishakufa kabla ya hapo.

Nimeuomba mkanda, amenipa. Natafuta deki inayofanya kazi, hata ya kuazima siku moja, niihamishie sauti ile kwenye kompyuta kabla haijafutika. Wewe msomaji, tazama chini ya kabati kwenu. Ukikuta mkanda uliotafsiriwa, usiutupe kwa sababu eti filamu hiyo ipo kwenye diski. Filamu ipo, sauti haipo. Na kama aliyeutafsiri unamjua, au unamjua anayemjua, mwulize jina lake kamili, uliandike pembeni ya mkanda kwa wino usiofutika.

Ngumi yangu imeshapata mwenyewe. Sauti bado.