Unataka Kulala kwa Probox Ukienda Mlima Elgon? Hivi Ndivyo Unajenga Kitanda Kanduyi Bila Kujiletea Noma

Madere wa matrela wanaopita Kanduyi wakielekea Malaba wameijua hii siri kitambo: ukiwa na kitanda nyuma ya usukani, lojingi si lazima. Sasa wasee wa magari madogo pia wameanza kuichangamkia. Na ukiishi Bungoma ama Kitale uko na sababu kubwa, ju Mlima Elgon na Saiwa Swamp ziko hapo tu na zote ziko na mahali pa kupiga kambi.

Hapa tunatumia Probox ju ndio gari imejaa huku, lakini hesabu ni ileile kwa Wish, Noah ama Hiace.

Mbona usilale tu kwa viti?

Unaeza, usiku mmoja. Ukilaza kiti cha mbele, damu inashuka miguuni na shingo inakaa vibaya. Asubuhi uko na safari ya kurudi, na dereva hajalala. Kitanda kizuri kinakupa sehemu tambarare ya kunyoosha mgongo, na chini yake nafasi ya sufuria, maji na mabegi.

Pima kutoka juu, si kutoka chini

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanajenga kitanda kirefu ndio mizigo itoshe chini, halafu usiku hawaezi hata kugeuka.

Probox ukilaza viti vya nyuma inakupa urefu wa karibu mita 1.8, na kutoka sakafu hadi paa ni kidogo juu ya sentimita 90. Ukiweka kitanda cha sentimita 20 na godoro la inchi 3, unabaki na kama sentimita 63. Hapo unageuka vizuri lakini huketi. Ukipandisha hadi sentimita 35, pua inaanza kusalimiana na paa. Kwa Probox, kaa kati ya 15 na 20. Hiace ya kawaida iko na karibu mita 1.3 ndani, so unaeza fika 40 bila stress.

Pima gari yako mwenyewe, usiamini ya jirani. Pima upana mara mbili: kati ya mabonge ya matairi, na juu yake. Kipimo kidogo ndicho kinaamua miguu ya kitanda itasimama wapi.

Vitu unahitaji

• Plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4, milimita 12. Ya milimita 18 ni ngumu zaidi lakini nzima inakaribia kilo 30, na Probox yako bado inafaa kubeba watu.
• Mbao za saiprasi, inchi 2 kwa 2, zilizokauka. Mbao mbichi itajipinda na skurubu zitalegea.
• Skurubu, bolti na nati. Misumari achana nayo, barabara ya vumbi itaing'oa pole pole.
• Hinji mbili ama tatu, msasa na vanishi.
• Tyubu ya tairi iliyozeeka.
• Mikanda ya kufungia mzigo, ile ya kukaza na ratchet.
• Godoro la inchi 3, hai densiti. Laini itabonyea na utahisi mbao kwa mbavu.

Hatua kwa hatua

1. Kata plaiwudi. Shiti iko na urefu wa sentimita 244. Toa 180, halafu ugawanye vipande viwili vya 90. Viwili ni bora ju unaeza kuinua kimoja kutafuta kitu chini, na vinatoka kwa mlango wa nyuma bila vita. Punguza upana utoshee gari yako.

2. Unda fremu mbili. Kila kipande kipate fremu yake yenye miguu minne kwenye kona na mmoja katikati. Weka mbao ya kukatiza kila baada ya sentimita 40 hivi, ama plaiwudi itanepa pale kiuno kinakaa.

3. Kwa warefu, ongeza ulimi. Kipande kilichobaki kinazidi sentimita 60. Kata 30, kifunge mbele ya kitanda kwa hinji na ukipatie mguu wake. Usiku unasukuma viti vya mbele, unafungua ulimi, kichwa kinapata mahali. Mchana unaukunja.

4. Valisha miguu viatu. Kata tyubu, gongomea vipande chini ya kila mguu kwa vijisumari vidogo. Kitanda hakitateleza wala kupiga kelele, na sakafu ya gari haitakwaruzika.

5. Piga msasa kila ukingo, kisha vanishi. Acha ikauke nje mpaka harufu iishe kabisa kabla ya kulala hapo.

6. Kifunge. Hii hatua si ya kuruka. Ukishika breki ghafla kwa spidi ya 80, gari inasimama lakini mbao haijui. Inakuja mbele, na mbele kuna shingo yako. Pitisha mikanda kwenye ndoano za mzigo ama sehemu zilizoshikwa na bolti za viti, kaza, halafu tingisha na nguvu zako zote. Kikisonga, bado. Usitoboe bodi ya gari, na usibebe mtu juu ya kitanda gari ikitembea.

Kabla ya kumlipa fundi, laleni hapo watu wawili dakika kumi. Kama kuna kilio cha mbao, kaza bolti ukiwa bado Kanduyi.

Baridi, na jiko ambalo haliingii ndani

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na kilele cha Koitobos upande wa Kenya kiko mita 4,222. Usiku wa huko si usiku wa Bungoma. Hapo ndipo mtu anaingiza jiko la makaa ndani ya gari na kufunga vioo.

Usifanye hivyo hata dakika tano. Makaa yanatoa kaboni monoksaidi, gesi haina rangi wala harufu. Inashika damu kwa nguvu kushinda oksijeni, na aliyelala haamki kukimbia. Kichwa kikiuma, ukisikia kizunguzungu ama kichefuchefu, toka nje mara moja. Kulala injini ikinguruma ni hatari ileile.

Joto tafuta kwa blanketi mbili, soksi, na chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri. Acha vioo viwili wazi kiasi cha vidole viwili, pande tofauti, na uviwekee neti. Hewa inapita, vioo havijai umande wa pumzi zenu, na mbu wanabaki nje.

Wapi pa kujaribu kwanza

Usiku wa kwanza lala nyumbani kwa kiwanja. Kitu kikikosekana, mlango uko hapo.

Ukiwa tayari, shika lami hadi Webuye, kata kushoto upitie Kamukuywa na Kiminini mpaka Kitale. Saiwa Swamp, ile mbuga ndogo ya swala wa majini wanaoitwa nzohe, iko mbele ya Kitale. Ama pitia Endebess hadi geti la Chorlim, Mlima Elgon. Kiingilio cha mbuga kinalipwa mtandaoni, so cheki bei mpya kabla ya kutoka. Mvua ikinyesha, Probox isiyo fo-bai-fo ibaki karibu na geti, ju matope ya mlima hayajui wewe ni wa Mulembe.

Egesha mahali tambarare. Pakiwa na mteremko kidogo, kichwa kiwe upande wa juu. Ufunguo uweke mahali pamoja ambapo kila mtu ndani anajua, ndio usiku wa giza mtu yeyote aweze kuondoa gari.