Moshi, pipa na miaka

Ukimuuliza mtu wa Arua neno waragi limetoka wapi, mara nyingi atakujibu kwamba Waingereza walisema war gin, jini ya vita, na sisi tukaikata ikawa waragi. Hadithi tamu, lakini mimi siikubali. Neno ni la Kiarabu, araki, na maana yake ya kwanza ni jasho, kwa sababu pombe ile inatoka kwenye mrija tone kwa tone kama jasho la mtu anayelima. Askari Wasudani wa Emin Pasha walikuwa nalo mdomoni walipokaa Wadelai, hapa kando ya Nile, katika miaka ya 1880. Mwaka 1891 Lugard aliwakuta wengi wao Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawachukua kuwa jeshi lake huku Uganda. Wazao wao ndio Wanubi wa Bombo, wa Arua, wa Kibera kule Nairobi, na popote walipopanga, wake zao walipika. Wazungu wa wakati ule waliita Nubian gin. Kwa hiyo vita imo kwenye habari hii, ila si kwa njia ile ya jina.

Sisi tunaokaa huku tukisubiri makaratasi tunaleta majina mengine. Kwetu Kongo ni lotoko, na ukienda upande wa Kivu utasikia kanyanga. Jirani wa Juba anasema siko. Mtu wa Kenya atakuambia chang'aa, Mtanzania gongo. Wenzetu wa mashirika wanaandika kwenye ripoti "pombe haramu" na kupita. Lakini angalia ramani ya zamani. Arua, Koboko, Yei na kuendelea hadi Lado kwenyewe, karibu na Juba, vyote vilikuwa ndani ya eneo moja, Lado, lililoshikwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji mpaka alipokufa. Mwaka 1910 kipande kikubwa kikapewa Sudan, na 1914 sehemu hii ya West Nile ikahamishiwa Uganda. Mama aliyezaliwa hapa 1900 aliishi chini ya bendera tatu bila kuhama nyumba yake. Wakakwa wa Koboko wanapaita pale mipaka inapokutana Salia Musala, mafiga matatu. Na juu ya mafiga matatu ndipo chungu cha waragi kinapokaa.

Kabla ya araki watu wa hapa walikuwa na kwete, nao wanayo mpaka leo. Kazi yake ni ndefu. Unga wa mahindi unalowekwa na kuachwa uchachuke siku kadhaa. Halafu lile donge chachu linakaangwa juu ya moto kwenye kikaango kipana au bati, linageuzwa-geuzwa mpaka libadilike rangi, kisha linaanikwa juani. Ndipo linachanganywa na maji na kimea cha wimbi, na uchachu wa pili unaanza. Ile hatua ya kukaanga ndiyo inatia harufu: mkate ulioungua kidogo, na moshi wa kuni. Kama kuni ni mbichi, moshi unazidi. Wanywaji wa kwete wanajua bila kuona ni nani alipika, kwa moshi tu.

Nimeanza na kwete kwa sababu ya chupa mbili. Mfanyakazi mmoja wa misaada alimaliza mkataba wake, akatuachia chupa mbili za whisky ya kisiwa cha Islay, Scotland, zote za kiwanda kimoja, Ardbeg. Ya kwanza ni ile ya miaka 10, nguvu asilimia 46. Ya pili inaitwa Uigeadail, asilimia 54.2, jina la ziwa dogo linalowapa maji. Moja ilikuwa na robo tu imebaki, lakini ilitosha. Tulikaa chini ya kilima cha Ediofe, upande ambako wengi wetu tunapanga vyumba, watu wanne: mama mmoja wa Aru anayepika waragi, mwalimu kutoka Juba, mzee wa hapa aliyekuwa jeshini miaka ya 1970, na mimi. Tuliweka pia vikombe viwili vya mama: waragi ya muhogo, na nyingine aliyoipika kutoka donge la kukaanga kama la kwete.

Kwanza niseme zile za Islay zinapata wapi moshi, maana watu wanafikiri wanautia mwishoni kama chumvi. Hapana. Kisiwa kile kina miti michache, lakini kina mabwawa yenye udongo mweusi wa majani na nyasi zilizooza kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka. Wanaukata kama matofali, wanaukausha, wanaufanya kuni. Unaitwa piti. Shayiri ikishachipuka inakaushwa juu ya moto wa piti, na moshi unaingia kwenye punje. Ukishaingia hautoki: unapita uchachu, unapita mvuke, unafika kwenye glasi. Yaani kanuni ni ileile ya kwete, moshi unaingia kwenye nafaka kabla haijawa pombe. Tofauti inakuja baadaye, kwenye pipa.

Pombe ikitoka kwenye mtambo wa shaba ni nyeupe kama maji, sawasawa na waragi. Kwa sheria yao lazima ikae miaka isiyopungua 3 ndani ya pipa la mti wa mwaloni, na kule kule Scotland. Rangi ya dhahabu inatoka kwenye mbao. Yale mapipa mengi si mapya. Wamarekani wana sheria kwamba whisky yao ya mahindi, bourbon, itiwe kwenye pipa jipya lililochomwa ndani, basi likitumika mara moja kwao limekwisha kazi, na Waskoti wanalinunua. Mengine ni yaliyokuwa na mvinyo mtamu wa Jerez, Hispania. Ile ya miaka 10 imekaa kwenye mapipa ya bourbon peke yake. Uigeadail imechanganywa na iliyokaa kwenye ya Jerez. Moshi mmoja, mapipa mbalimbali.

Ya kwanza ilipofunguliwa, mama alinusa akarudisha kichwa nyuma. "Hii njo nyumba ya kukausha samaki," akasema. Kweli kabisa: ni ule upepo unaokupata kwenye magunia ya samaki wa Panyimur sokoni. Nyuma yake nilipata ndimu, chumvi, na dawa ile ya kahawia wanayopaka kidonda hospitali. Ya pili moshi wake ni uleule lakini umevaa nguo: zabibu kavu, sukari guru, nyama iliyobanikwa taratibu. Mwalimu alinyamaza muda, halafu akasema inamkumbusha dukhan, moshi wa mti ambao wanawake wa Sudan wanajifukiza kabla ya harusi. Hatukuwa tumefikiria harusi mpaka aliposema.

Waragi ya muhogo baada ya hapo ilikuwa kama mtu anayesema kweli bila adabu. Moto mbele, utamu kidogo katikati, na mwisho ladha ya jerikani. Sikatai, jerikani ya plastiki ina ladha yake, na pipa la chuma pia, chuma unakisikia kwenye meno. Ya donge la kukaanga ndiyo ilinishangaza. Ilikuwa na mkate ulioungua na moshi wa kuni, mwembamba kuliko wa piti, mtamu zaidi. Kwa upande wa moshi peke yake niliipenda kuliko ile ya miaka 10. Kwa upande wa mwisho wa kinywa, hapana: ile ya Islay inakaa mdomoni dakika nzima na kubadilika, ya mama inaondoka kama mgeni asiyeaga. Tulitia matone ya maji kwenye whisky, kwa sababu maji kidogo yanafungua harufu. Mzee akakataa. "Mwanangu, kwetu jeshini mtu akitia maji kwenye pombe, huyo ni mwizi."

Mzee alisema pia kwamba hii si ile. Ile ni ipi? Hapa tunafika kwenye historia ambayo vijana hawaijui. Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko, alitawala 1971 mpaka Aprili 1979. Alijiita hata Mfalme wa Scotland, na watu walicheka, lakini Scotland ilikuwa inakuja kweli, kwa ndege. Ndege za mizigo zilitoka Entebbe na kahawa, zikarudi kutoka uwanja wa Stansted karibu na London zimejaa whisky, redio na vitu vingine kwa ajili ya wanajeshi. Waingereza wenyewe waliziita whisky run. Bei ya kahawa ilikuwa imepanda sana baada ya baridi kuua mikahawa ya Brazil mwaka 1975, kwa hiyo fedha ilikuwepo, na hata Uingereza ilipovunja ubalozi Julai 1976 ndege hazikusimama mara moja. Mkulima wa kahawa alikosa sabuni na chumvi, ofisa akapata chupa. Na whisky yenyewe, kama karibu yote iliyouzwa duniani wakati ule, ilikuwa ya mchanganyiko, moshi mdogo sana. Ndiyo maana mzee hakuitambua Ardbeg. Alikunywa Scotland miaka minane bila kukutana na piti.

Mama yeye wakati ule angefungwa. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ulikataza kupika pombe kali karibu Afrika yote ya kikoloni, na serikali ya Uganda huru ikaendeleza kwa sura yake: Sheria ya Enguli ya 1965 ilisema bila leseni hupiki, na mwenye leseni auze kwa kiwanda. Kiwanda kikaisafisha tena, kikaitia kwenye chupa, kikaandika Uganda Waragi. Wanawake waliendelea vichakani.

Islay nayo ilikuwa hivyo hivyo. Maandishi ya kwanza ya pombe hii Scotland ni ya 1494, kimea alichopewa mtawa John Cor. Kodi ikaanza 1644, na kwa zaidi ya miaka 150 watu walipika mapangoni na kuwakimbia watoza ushuru. Kilichobadilisha ni sheria ya 1823, iliyoweka leseni ya pauni 10 na kodi ambayo mtu mdogo angeweza kulipa. Waliokuwa wakifukuzwa wakawa wenye viwanda. Hata ile miaka 3 ya pipa haikutoka kwa mabingwa wa ladha. Ilitoka kwa serikali ya Uingereza mwaka 1915, wakati wa vita, ikitaka kupunguza ulevi wa wafanyakazi wa viwanda vya silaha: kwanza miaka 2, kisha 3. Basi kama kuna pombe inayostahili kuitwa ya vita, ni ile ya kwao.

Mimi nadhani pipa ni kitu cha watu wenye amani. Linataka mahali pamoja, mlango unaofungwa, na mtu yuleyule kurudi baada ya miaka 10. Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin walishambulia West Nile, na jeshi jipya, UNLA, likalipiza kwa raia. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliokimbilia misheni ya Ombaci, si mbali na hapa, waliuawa pale pale. Watu wa Arua na Koboko walivuka kwenda kwetu Zaire na kwenda Sudan. Wafanyakazi wa misaada wanaosoma kitabu Imposing Aid cha 1986 wakumbuke kwamba wakimbizi wanaoelezwa mle ni hawa, wenyeji wetu wa leo. Sasa zamu yetu. Hesabu vizazi vitatu vya nyumba yoyote ya mpaka huu utafute miaka 10 iliyotulia. Ingepatikana, pipa lisingehitaji hata yote. India kwenye joto, kiwanda cha Amrut kule Bangalore kinapoteza kwa mvuke kiasi cha asilimia 10 kwa mwaka, Scotland ni 2 tu, lakini pombe inakomaa haraka kwa kiasi hicho.

Jambo moja lazima niliseme kwa wanaokunywa. Ulimi unajua moshi, mbao na jerikani. Methanoli hauijui. Mwaka 2010 zaidi ya watu 80 walikufa upande wa Kabale. Agosti 2022 zaidi ya 10 walikufa hapa Arua na Madi-Okollo, na walichokunywa kilikuwa kwenye chupa yenye lebo, si kikombe cha mama. Sumu ile kwa kawaida ni spiriti ya viwandani iliyoongezwa na mfanyabiashara ili apate nguvu kwa bei ndogo. Kuwasha kijiko na kutazama rangi ya moto hakukuhakikishii chochote. Macho yakiona ukungu au theluji, kichwa kikiuma na pumzi kuwa fupi, ni hospitali saa ileile. Usingoje asubuhi.

Tangu 2023, posho ya chakula ilipogawanywa kwa makundi matatu, wanawake wanaopika wameongezeka mtaani kwetu. Naona pia wanaume waliolala barabarani saa nne asubuhi na watoto wao wanapita kwenda shule. Siandiki kusifu.

Baada ya ule usiku mama alitaka kujaribu. Hakuna mwaloni Arua, basi alichukua mtungi wa udongo, akaufukiza ndani kwa kuni za mwembe, akamimina waragi ya donge la kukaanga lita 20, akafunga mdomo kwa jani la mgomba na matope. Mwezi mmoja tulipofungua ilikuwa imepungua, maana mtungi unatoka jasho, na ilikuwa na ladha ya mvua ya kwanza juu ya vumbi, na ule ukali wa mbele umelainika. Akafunga tena, akasema tutangoja mpaka Krismasi. Mwezi wa pili shule zikafunguliwa, akauza yote Ijumaa moja.